Chanzo cha msingi cha ajali ya kihandisi ni nini?

Jengo linapoanguka au treni inapoacha njia, taarifa ya kwanza hutaja kitu kilichovunjika au mtu aliyekosea: breki zilifeli, zege lilikuwa hafifu, dereva alizidisha mwendo. Taarifa hiyo inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isisaidie kuzuia ajali ya pili. Chanzo cha msingi ni ile hali iliyokuwapo kabla ya siku ya tukio, ndani ya utaratibu wa kubuni, kujenga, kukagua au kuendesha, ambayo iliruhusu kosa litokee, lipite mbele ya macho ya watu wengi bila kuzuiwa, na hatimaye liue. Wachunguzi hukipima kwa maswali mawili. La kwanza ni kama ajali ingetokea iwapo hali hiyo isingekuwapo. La pili, ambalo mara nyingi husahaulika, ni kama kuiondoa hali hiyo kutazuia pia ajali nyingine za aina hiyo, mahali pengine, kwa watu wengine. Breki iliyofeli hujibu swali la kwanza tu, kwa sababu ukibadilisha breki ya behewa moja umelitengeneza behewa moja.

Kwa sisi wa Dodoma suala hili si la nadharia. Alfajiri ya tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu zaidi ya 1,200 ilipata matatizo ya breki kwenye mpando wa eneo la Igandu, ikaanza kurudi nyuma, ikashika kasi na kugongana na treni ya mizigo iliyokuwa kwenye reli hiyo hiyo. Watu 281 walipoteza maisha, na ajali hiyo imebaki kuwa miongoni mwa ajali mbaya zaidi za reli katika historia ya Afrika. Ukimuuliza mtu wa hapa kilichotokea atakuambia kwamba breki zilifeli, na hajakosea. Hata hivyo, mchambuzi anaanzia pale ambapo jibu hilo linaishia.

Breki za upepo za treni zimebuniwa kwa kanuni kwamba presha ikipotea katika bomba kuu linalounganisha mabehewa, breki zinabana zenyewe. Lakini hubana kwa upepo uliohifadhiwa katika tangi dogo la kila behewa, na upepo huo hupungua breki zikitumika tena na tena bila matangi kupewa muda wa kujaa, au huvuja taratibu treni ikiwa imesimama. Ndiyo maana treni iliyokwama mlimani inapaswa kufungwa breki za mkono na kuwekewa kabari magurudumuni. Kutokana na hapo yanazaliwa maswali yenye maana: ni nani mwenye wajibu wa kufunga breki za mkono, na kwa mabehewa mangapi? Kabla treni haijaondoka stesheni breki hupimwa vipi, na matokeo huandikwa wapi? Je, chini ya mpando kuna njia ya pembeni ya kunasia mabehewa yanayoteremka yenyewe? Treni inayofuata huruhusiwa lini kuingia katika kipande ambacho ya mbele haijakitoka? Kila swali kati ya haya lina jibu linaloweza kugeuzwa kuwa utaratibu wa kazi, ilhali jibu la kwamba breki zilifeli haliwezi kugeuzwa kuwa chochote.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninayoifahamu, kwa sababu ulichunguzwa hadi kwenye nati na kumbukumbu zake ziko wazi kwa umma, ni ule wa hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, katika jimbo la Missouri nchini Marekani. Hoteli hiyo ilifunguliwa mwaka 1980. Ndani ya ukumbi wake mkubwa kulikuwa na madaraja ya kupitia watu, kila moja likiwa na urefu wa mita 37 hivi, yaliyoning'inizwa kutoka darini kwa fito za chuma, na mawili kati ya hayo yalikaa moja juu ya jingine. Jioni ya tarehe 17 Julai 1981, watu wapatao 1,600 wakiwa ukumbini kwa ajili ya dansi, daraja la juu lilichomoka kwenye fito zake, likaangukia la chini, na yote mawili yakashuka juu ya umati. Walikufa watu 114 na zaidi ya 200 wakajeruhiwa.

Katika mchoro wa awali, kila fito ilikuwa ndefu na moja: ilitoka darini, ikapita katika boriti ya daraja la juu, ikaendelea hadi daraja la chini. Kila daraja lilikaa juu ya nati yake kwenye fito ileile. Kampuni iliyotengeneza vyuma iliona kazi hiyo ni ngumu, kwa kuwa fito ingelazimika kukatwa meno ya nati kwa urefu mkubwa ili nati ya daraja la juu ipandishwe hadi mahali pake, na meno hayo yangeharibika kwa urahisi wakati wa ujenzi. Ikapendekeza fito mbili fupi badala ya moja ndefu: ya kwanza ishuke kutoka darini na kuishia kwenye boriti ya daraja la juu, na ya pili ianzie kwenye boriti hiyohiyo na kushuka hadi daraja la chini. Kwenye karatasi mabadiliko hayo yanaonekana madogo mno. Lakini fikiria wachimba kisima wawili wanaoning'inia ndani ya shimo kwa kamba moja: kila mmoja akiishika kamba kwa mikono yake, mikono ya wa juu inabeba uzito wa mtu mmoja, wa chini akiiachia kamba na kushika miguu ya mwenzake, kamba inabaki na mzigo uleule lakini mikono ya wa juu sasa inabeba watu wawili. Nati iliyokuwa chini ya boriti ya daraja la juu ilifanywa hivyo hivyo. Ikabebeshwa mzigo wa madaraja mawili.

Wengi husimulia habari hii na kuishia hapo, kwamba mabadiliko ya fito ndiyo yaliyoua. Hapo ndipo uchambuzi wa juujuu unapopotea njia. Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani ilitengeneza boriti nyingine za aina ileile, ikazipima kwa kuzivuta hadi zikaachia, na kugundua jambo zito zaidi. Boriti hizo ziliundwa kwa vyuma viwili vya umbo la herufi C vilivyochomelewa pamoja midomo ikitazamana, na tundu la fito lilitobolewa palepale kwenye mstari wa kuchomelea, mahali penye udhaifu. Maungio hayo, hata kama mchoro wa awali usingeguswa, yangebeba takriban asilimia 60 tu ya mzigo uliotakiwa na kanuni za ujenzi za mji huo. Mabadiliko yaliyashusha hadi karibu asilimia 30, yaani yakabaki na uwezo wa kubeba uzito wa madaraja yenyewe na ziada kidogo. Kwa hiyo mabadiliko ya fito yaliongeza kasi ya ajali, wala si yaliyoipanda.

Basi nani alikokotoa nguvu ya maungio yale? Hakuna. Mhandisi mbunifu alichukulia kwamba kiwanda cha vyuma kingeyabuni; kiwanda nacho kikachukulia kwamba kilichochorwa na mhandisi kimekwisha kukokotolewa. Kuhusu pendekezo la fito mbili, upande wa kiwanda ulisema liliombewa idhini kwa simu, na wahandisi wakakana kuipokea simu hiyo. Lakini michoro ya kiwandani yenye fito mbili ilirudi kwao na ikagongwa muhuri wao. Zaidi ya hayo, mwezi Oktoba 1979, hoteli ikiwa bado inajengwa, sehemu ya paa la ukumbi uleule ilianguka kwa sababu ya kushindwa kwa maungio. Onyo lilikuwa limekwisha kutolewa. Wahandisi wawili wahusika walipoteza leseni zao katika jimbo la Missouri, na hilo lilikuwa haki. Kilichosaidia majengo mengine, hata hivyo, ni msimamo uliochukuliwa na chama cha wahandisi wa ujenzi wa nchi hiyo kwamba mhandisi wa mhimili wa jengo, yaani anayebuni sehemu zinazobeba mzigo, ndiye mwenye dhamana ya kupitia michoro ya kiwandani, ili pasiwe tena na kiungo kinachodhaniwa kuwa cha mwingine. Chanzo cha msingi kilikuwa mwanya wa wajibu kati ya meza mbili, nao ndio uliozibwa.

Kuna mbinu inayofundishwa sana viwandani, iliyoenea kutoka kampuni ya Toyota ya Japani, ya kuuliza «kwa nini» mara tano mfululizo. Ni mazoezi mazuri ya kuanzia, lakini kwa maoni yangu imetumiwa kupita kiasi, kwa sababu inamzoeza mtu kufikiri kwamba sababu hujipanga katika mstari mmoja. Ajali kubwa huwa na matawi: katika Kansas City kulikuwa na tawi la maungio dhaifu, tawi la mabadiliko ya fito, tawi la muhuri uliogongwa bila ukaguzi na tawi la onyo la mwaka 1979 lisilofuatiliwa ipasavyo, na hakuna hata moja linaloweza kufutwa kwa kulitaja lingine. Mchambuzi anapaswa pia kujihadhari na hekima ya baada ya tukio. Sisi tunaojua kwamba madaraja yalianguka tunaliona kosa likiwaka kama taa. Waliokuwa kazini waliliona likiwa mchoro mmoja kati ya mamia, kwenye wiki yenye haraka. Kazi ni kueleza kwa nini uamuzi mbaya ulionekana wa kawaida siku ile, maana usipolieleza hilo utawaonya tu watu wasiwe wazembe, na hakuna mtu anayejihesabu kuwa mzembe.

Chombo cha anga cha Challenger, kilicholipuka tarehe 28 Januari 1986 na kuua watu saba, kinafaa kutajwa kwa jambo hili moja. Vizibo vya mpira vya roketi zake vilikuwa vimekutwa na dalili za kuungua katika safari zilizotangulia, na kila safari iliyorudi salama ilihesabiwa kuwa ushahidi kwamba dalili hizo zinavumilika, hadi asubuhi ya baridi kali ilipoufanya mpira uwe mgumu na kushindwa kuziba. Mwanasosholojia Diane Vaughan aliita hali hiyo kwa jina linalomaanisha kuzoea ukiukaji hadi uwe kawaida.

Narudi nyumbani, kwa kuwa tangu Serikali ilipohamia Dodoma mji huu umekuwa ukijengwa usiku na mchana, na kuzoea kasoro ndogo hakuhitaji roketi. Chukua boriti iliyochorwa iwe na nondo nne za milimita 16. Dukani zimekwisha, zipo za milimita 12, na fundi mwenye nia njema anaweka sita badala ya nne akiamini kwamba ameongeza. Lakini nguvu ya nondo huenda na eneo la kikato chake, yaani uso unaoonekana nondo ikikatwa: nondo nne za milimita 16 zina jumla ya milimita za mraba 804, na sita za milimita 12 zina 679 tu, pungufu kwa takriban asilimia 16. Zingehitajika nane, na nane zikibanwa ndani ya boriti nyembamba kokoto haipiti kati yake, zege linabaki na matundu, na tatizo limehamia mahali pasipoonekana. Boriti hiyo huenda isianguke kwa miaka mingi, na kila mwaka inaposimama unampa fundi sababu ya kurudia. Siku itakapoanguka, kusema kwamba fundi alikosea kutakuwa kweli, na kutaacha bila jibu kwa nini mhandisi hakupatikana saiti, kwa nini hapakuwa na njia rahisi ya kumuuliza, na kwa nini zege lilimwagwa kabla nondo hazijakaguliwa.

Swali la nani awajibike lina mahali pake, nalo ni mahakamani na katika bodi za taaluma. Ndugu wa marehemu wanastahili jibu. Lakini swali hilo halipaswi kuchanganywa na uchunguzi wa kiufundi, kwa sababu shahidi anayeogopa jela hafunguki. Tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu zaidi ya 30, na ilielezwa kwamba lilikuwa limefikia ghorofa 16 ilhali kibali kilikuwa cha ghorofa 10. Mwenye jengo anaweza kushtakiwa kwa kuzidisha. Lakini ghorofa sita za ziada haziwezi kufichwa barabarani, na hapo mchambuzi anauliza ni hatua gani ya ukaguzi iliyopaswa kusimamisha ya kumi na moja, na ni nani aliyekuwa na uwezo wa kisheria wa kuisimamisha siku hiyo hiyo.

Thamani ya uchambuzi wote huonekana katika mapendekezo yake ya mwisho. Pendekezo linalosema mafundi wazingatie viwango halimwagizi mtu yeyote kufanya chochote. Linalofaa hutamka kazi, mwenye kazi, na namna ya kuhakiki: badiliko lolote la ukubwa au idadi ya nondo liandikwe katika kitabu cha saiti kabla ya kufungwa, mhandisi mshauri aweke saini baada ya kukokotoa upya, na mkaguzi asiruhusu zege kumwagwa mpaka aone saini hiyo na kuhesabu nondo kwa macho yake.