Je, wajua kwa nini daktari wa familia siku hizi anaulizia joto na moshi?

Umeenda kwa daktari wako na kikohozi, badala ya kukuandikia dawa uondoke anaanza kukuhoji nyumbani mnapikia nini, chumba cha kulala kina joto kiasi gani, barabara kubwa iko mbali au jirani, unajisemea moyoni huyu leo vipi, kawa mtu wa mazingira? Hajapotea, hiyo ndo kazi yake.

Iko hivi, mabadiliko ya tabianchi hayana ugonjwa wa kwao, yanakuja na jina la ugonjwa mwingine: pumu, figo, malaria, kuhara. Daktari bingwa anakuona mara moja, anatibu kilichokuleta basi, ila wa familia anakuona wewe na mama yako na wanao miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo yeye ndo wa kwanza kushtuka kwamba kila joto likipanda wazee ni walewale wanarudi na kizunguzungu.

Chukua mzee anayekunywa dawa ya presha ile ya kukojoza. Siku za kawaida hana neno. Likija joto kali jasho linamtoka, mkojo unamtoka, na kiu wazee hawaisikii vizuri, maji mwilini yanapungua kimyakimya na presha inashuka, usiku anainuka kwenda chooni, puu, nyonga imevunjika. Kwenye faili wataandika kavunjika nyonga, joto halitajwi popote! Daktari anayemjua angemwita mapema wakaiangalia dozi pamoja (usijipunguzie mwenyewe lakini, tafadhali).

Sasa kama halitajwi nani atalishughulikia? Na moshi nao ni vilevile, hautajwi: London kulikuwa na mtoto wa miaka 9, Ella Adoo-Kissi-Debrah, alifariki kwa pumu mwaka 2013, kwao ni karibu na barabara yenye magari mengi. Mpaka Desemba 2020 ndo mchunguzi wa vifo akaandika kwamba hewa chafu ilichangia, na hapo mama yake kahangaika miaka. Na hata kabla ya hapo, mwaka 2019, WONCA, chama cha madaktari wa familia duniani, kiliwaita wanachama wake wasiishie kwenye chumba cha matibabu, wapaze sauti na kwa wanaopanga sera. Daktari akisema "wagonjwa wangu wanabanwa kifua" inaingia kuliko grafu kumi, mimi naona hivyo.

Na madaktari wenyewe si wasafi sana, maana ile pampu ya pumu ya kupuliza ina gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 ya hewa ya ukaa, uzito kwa uzito. Ipo ya unga isiyo na gesi hiyo, ila inataka uvute kwa nguvu na mtoto mdogo hawezi, kwa hiyo kwake daktari anaacha ya kupuliza iendelee, anaenda kubanana na moshi wa magari.