Mosfeti na volti za geti: dhana potofu na ukweli

Mosfeti ni transista yenye miguu mitatu: volti unayoipa geti ndiyo inayoruhusu mkondo kupita kati ya dreni na sosi.

Dhana: "Mosfeti ya IRFZ44N inawaka kwa volti 2 hadi 4, basi volti 5 za bodi ya Arduino zinatosha na kusaza."

Nikiletewa mosfeti iliyoungua, swali langu la kwanza huwa hapa. Volti hizo 2 hadi 4 ni kizingiti tu, na mtengenezaji amekipima kwa mkondo wa mikroampea 250. Hapo transista ndiyo kwanza inafumbua macho. Mota ya ampea 5 inataka mkondo huo mara 20,000!

Tafuta badala yake ukinzani wa dreni hadi sosi mosfeti ikiwa imewaka: miliomu 17.5, kwa sharti lililoandikwa pembeni kwamba geti ipewe volti 10. Ukilitimiza, ampea 5 hazitoi hata nusu wati ya joto. Ikiwaka nusunusu, ikabakiza volti 2 kati ya dreni na sosi, ni wati 10, na bila bati la kupozea haiponi. Kama una volti 5 tu, nunua IRLZ44N, iliyohakikishiwa miliomu 25 kwa volti hizo. Tofauti ya jina ni herufi moja, kwa hiyo dukani soma polepole.

Dhana: "Geti haili mkondo, pini yoyote ya Arduino itaiendesha."

Ikitulia, haili. Lakini geti ni kapasita, yaani chombo cha kuhifadhi chaji, na ya IRFZ44N huweza kutaka chaji ya nanokulombi 63 ndipo ijae. Pini ya miliampea 20 itachukua kama mikrosekunde 3 kuijaza na 3 nyingine kuimwaga, na katikati hapo ndipo mosfeti inapobeba volti na mkondo kwa pamoja na kuchemka. Taa ya kuwashwa jioni na kuzimwa asubuhi haidhuriki. Mota inayokatiwa umeme mara 20,000 kwa sekunde ina mikrosekunde 50 tu kila mzunguko, na 6 zimeliwa humo. Weka draiva ya geti ya ampea 1, yaani chipu inayoisukumia geti mkondo mkubwa kwa niaba ya pini. Kujaza kutaisha chini ya nanosekunde 100.

Dhana: "Ukichomoa waya wa geti, mosfeti inazima."

Haizimi, kwa sababu chaji imebaki ndani. Funga rezista ya kiloomu 10 kati ya geti na sosi, kila mara.

Dhana: "Kwa amplifaya, rezista mbili za kugawa volti kwenye geti zinatosha."

Mosfeti mbili za jina moja, kizingiti cha hii chaweza kuwa volti 2 na cha ile 4. Ukizipa zote volti 3.5, moja italala na nyingine itafurika mkondo. Joto nalo hushusha kizingiti, mkondo ukazidi kupanda. Weka rezista chini ya sosi: mkondo ukipanda, volti ya sosi inapanda nao, tofauti yake na geti inapungua, transista inajizuia yenyewe. Kisha pima volti za rezista hiyo, uzigawe kwa omu zake, upate mkondo halisi.