Fungu la mia tano na asilimia za mfumuko wa bei

Kila Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar inapotangaza mfumuko wa bei, naulizwa swali lile lile: "Asilimia hizo za wapi, mbona mchele haushikiki?" Kazi yangu ni kuchambua bei, na jibu langu huwaudhi wengi: tarakimu ni sahihi, na wewe pia unasema kweli.

Kinachotangazwa ni wastani. Bei za mwezi huu hulinganishwa na za mwezi kama huu mwaka jana, na kila bidhaa hupewa uzito kulingana na matumizi ya kaya zote kwa jumla. Tuseme chakula kimepanda asilimia 10, vingine asilimia 2. Kaya inayotumia laki tano kwa mwezi, laki tatu zikaishia jikoni, inahitaji 34,000 zaidi ili iishi vile vile: asilimia 6.8. Jirani anayetumia milioni mbili, chakula kikiwa laki tano, kwake ni asilimia 4. Mtaa mmoja, soko moja.

Halafu kuna upandaji usiosikika. Nenda soko la Mwanakwerekwe uulize nyanya. "Fungu mia tano, bi mkubwa, bei ile ile." Ni kweli, ila jana fungu lilikuwa na nyanya tano, leo nne. Nyanya moja imetoka shilingi 100 hadi 125, yaani asilimia 25, na hakuna aliyetamka neno kupanda. Boflo nalo huwa hivyo hivyo: bei imesimama, mkate umepungua. Ndiyo maana mkusanya bei makini hubeba mizani. Anayeandika bei ya fungu bila kulipima anaandika hadithi.

Jingine linalochanganya watu ni kauli kwamba mfumuko "umeshuka". Mchele wa 2,000 ukipanda asilimia 10 unafika 2,200. Mwaka wa pili ukipanda asilimia 5 tu, unafika 2,310. Mfumuko umepungua nusu, na mchele umezidi kuwa ghali. Kama mshahara haukusogea, hapo hakuna nafuu yoyote.

Na Benki Kuu, haiwezi kuzuia bei? Benki Kuu ya Tanzania ilianza kutumia riba yake kama chombo kikuu cha sera Januari 2024, ikaanza na asilimia 5.5 na kuipandisha hadi 6 Aprili mwaka huo. Riba ikipanda, mikopo huwa ghali, kwa hiyo husaidia pale mikopo na matumizi yanapovimba. Lakini sehemu kubwa ya mchele tunaokula visiwani inatoka nje. India ilipozuia Julai 2023 kusafirisha mchele mweupe usio basmati, bei ziliruka katika soko la dunia, na hakuna riba ya Dar es Salaam ingeweza kuzizuia zisishuke na meli bandarini Malindi.

Wanaoumia zaidi ni wanaonunua kwa robo na kibaba, kwa sababu kipimo kidogo karibu siku zote ni ghali kwa kilo. Kina mama wa mitaa kadhaa huchanga wakanunua polo zima la kilo 50, wakaligawa kwa mizani uani. Ukiweza kuwashawishi majirani wanne, ingia. Ila mizani iwe ya mtu ambaye hana mgao.