Kufuli la maji kwenye saa janja halikaushi kitu

Kufuli la maji ni ile alama ya tone unayoigusa kwenye saa janja kabla ya kuingia majini. Kazi yake ni kufunga kioo kisipokee mguso. Basi. Apple waliileta mwaka 2016 na saa yao ya Apple Watch Series 2, Samsung nao wanayo, na hata kwenye saa za bei chee utaikuta.

Sasa pita Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, uwasikilize watu. "Usijali, nimewasha tone, haiingii maji." Mwingine ametoka kuogelea Capri Point: "Ngoja niikaushe." Anafungua kufuli, saa inalia pii-pii, kisha huyo anaipachika kwenye chaja. Hapo ndipo ninaposhika kichwa.

Kioo cha saa hutambua kidole kwa umeme mdogo sana, na maji ya ziwa nayo yanapitisha umeme. Tone likitua, saa hudhani umeigusa, ndiyo maana ukiogelea bila kufuli inaweza kusitisha mazoezi yenyewe, au kumpigia simu shemeji. Kufuli linazuia fujo hiyo tu. Halizibi tundu hata moja. Kinachozuia maji ni mipira ya kuzibia na gundi za kiwandani, navyo huchoka kwa umri, kwa kuangushwa, kwa joto na kwa sabuni. (Wauza dagaa mnaosugua saa kwa sabuni ya unga ili itoke shombo, nawaelewa kabisa, ila sabuni hiyo ndiyo adui. Suuza kwa maji safi matupu.)

Na ule mlio je? Spika hutikisika, inasukuma hewa, na maji yaliyokaa kwenye tundu lake yanatoka. Itazame kwa karibu: vijitone vinachomoza ubavuni, ukifuta vinachomoza vingine. Hayo ni maji ya spika peke yake. Yaliyo kwenye maikrofoni, kwenye kijitundu cha kupimia kanieneo ya hewa, chini ya mkanda na pale saa inapogusana na chaja, yako palepale wala hayajasikia mlio wowote. Kijitundu kile cha kanieneo, ambacho saa hukitumia kukadiria umepanda juu kiasi gani, kinaweza kuchukua hata siku nzima kukauka, na kwa muda huo usishangae saa ikikwambia umepanda mlima na wewe umekaa kwenye kivuko cha Kamanga. Na kama ukungu umeshatanda chini ya kioo, ujue maji yameshapita mipira. Hapo hata ukiiliza saa mpaka alfajiri, unampigia mbuzi gitaa. Izime, mpelekee fundi.

Mchele nao uacheni jikoni. Unaacha vumbi kwenye matundu, na kinachokausha ni hewa. Mwaka 2024 Apple walisema wazi kwamba iPhone iliyolowa isifukiwe kwenye mchele, na saa ina matundu madogo zaidi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Mwaloni, ukisema "nimefunga kioo" utakuwa umesema kweli. Ukisema "nimeikausha", uwe umeivua mkononi, umetoa mkanda, umefuta kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, bila kuchokoa tundu kwa pini, ukaiweka penye upepo nje ya jua kali. Chaja isubiri.