Hifadhi ya barabara Dar es Salaam: mita huhesabiwa kutoka katikati, si kutoka kwenye lami

Kila alama za X zinapopakwa kwenye kuta za nyumba zilizo ndani ya hifadhi ya barabara kuu, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, meza yetu ya malalamiko huelemewa. Hoja inayoongoza ni hii: "Nyumba yangu ilikuwepo kabla ya barabara." Zipo barabara ambazo kweli zimewafuata watu, na sheria inalitambua hilo. Lakini kwa barabara nne kubwa za jiji hili hoja hiyo haisimami, na ni vizuri tuelewane mapema.

Itazame ramani ya Dar es Salaam kama kiganja kilichokunjuliwa kutoka bandarini. Kaskazini inakwenda Barabara ya Bagamoyo, magharibi Morogoro, kusini-magharibi Pugu, ambayo leo ni Nyerere, na kusini Kilwa. Katikati ya vidole hivyo kuna mabonde, hasa Msimbazi na vijito vyake. Mabonde hayo hayajengeki, ingawa yamejengwa. Majina yenyewe ni ushahidi: barabara iliitwa kwa jina la inakokwenda, kwa kuwa njiani hapakuwa na cha kuitia jina. Tabata, Kimara na Mbagala vilikuwa vijiji na mashamba. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 jijini. Ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa mzima. Hao wote wamezifuata njia zilizokuwepo.

Huenda mtu akauliza kwa nini upanuzi wa barabara usifanyike mjini kati, kwenye msongamano wenyewe. Jibu liko kwenye historia. Mji aliouanzisha Sultani Majid bin Said miaka ya 1860 ulikaa ukingoni mwa bandari. Wajerumani walipohamishia hapo makao yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, walitoa amri ya ujenzi iliyogawa mji kwa aina ya majengo, na kwa hakika kwa aina ya watu. Waingereza wakaushikilia mgawanyo huo: Wazungu upande wa pwani, Wahindi katikati, Waafrika Kariakoo. Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili kuwatenganisha. Leo tunapumzika pale na kufanyia sherehe za taifa, na ni wachache wanaokumbuka.

Kariakoo yenyewe imepata jina kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza kilichopiga kambi pale wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Narung'ombe, Mahiwa na Tandamti, mitaa ambayo watu huitaja wakitafuta duka la vitenge, ni mahali palipopiganwa mwaka 1917 huko kusini. Mitaa ile ilipimwa kwa miraba iliyonyooka na viwanja vidogo. Inapendeza kwenye ramani, ila haina pa kupanukia: mtaa unaishia ukutani. Basi mzigo wote unarudi kwenye vile vidole vinne. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, njia yake ilipatikana kwa sababu Barabara ya Morogoro ilikuwa na upana uliotengwa.

Sasa tuje kwenye vipimo. Chini ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande. Narudia: kutoka katikati. Mwananchi mmoja alifika ofisini na futi kamba, akaapa kwamba ana mita 31. Alikuwa ameanzia ukingo wa lami wa upande wa pili. Zipo pia sehemu zenye upana wa peke yake, kama Barabara ya Morogoro kutoka Kimara kuelekea Kibaha, yenye mita 121.5 kila upande. Ubomoaji wa 2017 ulitokana na kipimo hicho.

Rangi za X hazilingani. Nyekundu ina maana umeingia kwenye hifadhi, utaondoka na hulipwi. Kijani ina maana ulikuwa nje ya mita 22.5 za zamani lakini ndani ya 30 za sasa: sheria ndiyo iliyokufuata, kwa hiyo ardhi ikihitajika utalipwa fidia. Kuifuta X kwa chokaa hakubadilishi chochote, kwani nyumba yako iko kwenye daftari.

Mwenye haki ya fidia hulipwa thamani ya ardhi na jengo, posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36, faida iliyopotea ya miezi 36 kama alikuwa na biashara, na gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mthamini atakuja akiwa na kiongozi wa mtaa, atakupiga picha ukiwa mbele ya mali yako, kisha utasaini fomu. Soma kabla ya kusaini. Choo, kisima na miti vihesabiwe siku hiyohiyo, maana baadaye ni vigumu kuviingiza. Usiongeze chumba baada ya uthamini; hakitalipwa.

Na tafadhali, stakabadhi za kodi ya jengo, bili ya umeme au barua ya mwenyekiti haziigeuzi hifadhi ya barabara kuwa kiwanja. Tunaletewa mifuko mizima ya karatasi hizo. Tunazipokea kwa heshima, lakini zinathibitisha kwamba umelipa tu.

Kabla ya kununua kiwanja karibu na barabara, angalia nguzo fupi zenye maandishi RR, kisha leta namba ya kiwanja au mchoro wa eneo kwa wasimamizi wa barabara husika: TANROADS (Wakala wa Barabara Tanzania) kwa barabara kuu na za mkoa, TARURA (Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini) kwa za wilaya. Omba jibu la maandishi. Jibu la mdomo, hata likitoka kwa mtumishi wetu, usilinunulie kiwanja.