Unyenyekevu si unyonge

Mtu akipokea tuzo husema anaipokea "kwa unyenyekevu mkubwa", kisha anazitaja nyingine nne alizowahi kupewa. Bosi naye, akichoka kuulizwa maswali, humwambia aliye chini yake "jifunze unyenyekevu". Wa kwanza alikuwa anajisifu, wa pili alitaka kutiiwa.

Kwa kifupi, unyenyekevu ni kujipima kwa haki: kukiri unachokiweza na usichokiweza, na kumsikiliza mwingine bila kuona kwamba heshima yako inapungua.

Sarufi yenyewe inatoa ushahidi. Neno limetoka kwenye kitenzi nyenyekea. Kiambishi -vu hugeuza kitenzi kuwa sifa: vumilia huzaa -vumilivu, tulia huzaa -tulivu, sikia huzaa -sikivu. Mtu haitwi mvumilivu kabla hajavumilia, tena si mara moja. Mnyenyekevu naye ni hivyo hivyo: ananyenyekea, ingawa angeweza kabisa kutofanya hivyo. Unyonge haukupita njia hiyo. Umetokana na sifa -nyonge, yaani dhaifu, asiye na nguvu, na mnyonge hakuchagua kuwa hivyo. Ndiyo maana "kuwatetea wanyonge" kunaeleweka mara moja, lakini "kuwatetea wanyenyekevu" kunachekesha kidogo. (Kilatini kililitoa neno lake, humilitas, kwenye humus, udongo. Picha nzuri, ila huenda ndiyo inayowafanya wengine wadhani lazima ukanyagwe.)

Kisha kuna kujidunisha, ambako huvaa nguo za unyenyekevu zaidi kuliko unyonge wenyewe unavyozivaa. Fundi wa miaka 20 anayesema "mimi sijui lolote" amedanganya, sawasawa na mwanagenzi anayedai kujua yote. Mizani zao zote mbili ni mbovu, tofauti ni upande zinakoelemea. Tena mara nyingi ni mtego: sifa inakataliwa ili irudiwe kwa sauti kubwa zaidi.

Kwa kuwa asili ya unyenyekevu ni kitenzi, hukuzwa kwa kutenda. Ukikosolewa, kwanza rudia hoja ya mkosoaji kwa maneno yako mpaka akubali kwamba ndiyo aliyosema, ndipo ujibu. Watu wengi hukwama hapa, kwa sababu wakati mwenzao anaongea wao wanatunga utetezi. Ukisema "sijui", ongeza utamuuliza nani au utatafuta wapi, la sivyo neno hilo linakuwa kichaka cha kujifichia. Andika makadirio yako kabla ya jambo kutokea, pamoja na kiasi cha uhakika ulio nao, kisha uyasome baada ya mwezi. Usiyaachie kumbukumbu, kwani kumbukumbu hutupendelea: hukosi kuamini kwamba "ulijua tangu mwanzo". Na ukisifiwa, shukuru, taja sehemu uliyoifanya wewe na ile waliyoifanya wengine, kwa majina yao. Kuikana sehemu yako si lazima, na kwa kawaida si kweli.

Kwa hiyo, siku ya tuzo, "nashukuru" inatosha, na "najivunia" nayo haina ubaya ikiwa ndivyo unavyojisikia. Na bosi anayetaka maswali yaishe aseme tu kwamba muda umekwisha. Anayeuliza anakiri kwamba kuna asichokijua, kwa hiyo unyenyekevu huenda tayari anao.