Mafuta uliyokula yaliishia wapi? Maswali kuhusu kipimo cha mionzi

Kwa nini daktari ayafuatilie mafuta mwilini?

Kwa sababu yakishameng'enywa hayatambuliki tena: ya chapati ya leo na yale yaliyo chini ya ngozi yako tangu mwaka jana ni kitu kilekile. Sasa yupo mgonjwa anayekula vizuri lakini anakonda, na choo chake ni cheupecheupe, kinanuka sana, kinaelea na kung'ang'ania sinki. Huyo mafuta hayamwingii. Akiambiwa tu "punguza mafuta" anaonewa, maana chanzo kinaweza kuwa kongosho, nyongo au utumbo wenyewe, na kila kimoja kina tiba yake. Isitoshe, vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta. Zikikosekana kwa muda mrefu, mtu huanza kutoona vizuri gizani, mifupa hudhoofika na damu huchelewa kuganda.

Mionzi inaingiaje hapo?

Wataalamu huchukua trioleini, aina ya mafuta inayopatikana kwa wingi kwenye mafuta ya zeituni, wakaweka ndani yake atomu chache za kaboni-14. Mwili huyapokea kama mafuta mengine, ila kaboni hiyo hutoa mionzi hafifu ambayo mashine huweza kuihesabu. Aliyeanzisha njia hii ya kutia alama ni George de Hevesy, na ndiyo iliyompatia Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1943.

Mgonjwa anafanyiwa nini hasa?

Anafunga kula tangu usiku. Asubuhi anapewa mlo wa mafuta wenye trioleini ile. Nyongo huyatawanya mafuta kuwa matone madogo, kimeng'enya cha kongosho kiitwacho lipesi huyakata, utumbo mwembamba huyafyonza, kisha hupitia mishipa ya limfu hadi kwenye damu. Seli zikiyachoma, kaboni hutoka kwa pumzi kama hewa ya kaboni dioksaidi.

Kwa hiyo, kila baada ya muda fulani, kwa saa kadhaa, mgonjwa hupuliza kwa mrija ndani ya kichupa chenye kimiminika cha rangi kinachonasa hewa hiyo. Rangi ikipotea, kiasi kinachotakiwa kimetimia, anaacha kupuliza. Kaboni-14 ikitoka kidogo mno, huenda mafuta hayakufyonzwa.

Linganisha na njia ya zamani: kula gramu 100 za mafuta kila siku na kukusanya choo chote cha saa 72. Kikikutwa na zaidi ya gramu 7 za mafuta kwa siku, kuna tatizo. Ni kipimo cha kuaminika, lakini ni adha kwa mgonjwa na kwa watu wa maabara.

Kipimo cha pumzi kinaweza kuonyesha tatizo liko wapi?

Hapa ndipo penye uzuri wake. Trioleini lazima ikatwe na lipesi kwanza. Asidi ya oleiki, ambayo ni kipande chake, nayo huweza kutiwa alama ikapimwa, lakini haihitaji kukatwa. Mgonjwa akishindwa kufyonza trioleini lakini asidi ya oleiki ikapita vizuri, kongosho ndilo la kushukiwa. Zikishindikana zote mbili, angalia utumbo au nyongo. Zamani walitumia pia iodini-131, aina ya iodini yenye mionzi, kwa kazi hii, lakini iodini huweza kubanduka kwenye mafuta, ukabaki unafuata alama isiyo na mzigo.

Mionzi hiyo haidhuru?

Dozi ni ndogo sana, na mionzi ya kaboni-14 haipenyi hata milimita moja ya nyama ya mwili. Nguvu yake hupungua nusu baada ya miaka 5,730, lakini sehemu yake hutoka mwilini mapema kwa pumzi. Sehemu nyingine hukaa zaidi kwenye mafuta ya mwili. Hata hivyo, wajawazito na watoto hupewa kaboni-13, isiyo na mionzi kabisa. Waliowahi kupuliza kupima bakteria wa tumbo H. pylori wamekutana na mojawapo ya kaboni hizi mbili.

Majibu yanaweza kupotosha?

Ndiyo. Pumzi haitegemei utumbo peke yake. Kisukari, unene uliokithiri, ugonjwa wa mapafu au wa tezi ya shingo hubadilisha kasi ya mwili kuchoma mafuta au kutoa hewa. Mweleze daktari magonjwa hayo yote kabla hujapewa mlo wa kipimo.